Uchunzaji Kama Mbinu ya Kukusanya Data za Fasihi Simulizi: Mtafiti Akiwa Ndani ya Hadhira

Utangulizi

Katika tasnifu nyingi za fasihi simulizi, sehemu inayoeleza mbinu za utafiti huwa na sentensi moja inayofanana na nyenzake kama pacha: kwamba data zilikusanywa kwa mahojiano, hojaji na uchunzaji. Sentensi hiyo ikishaandikwa, mahojiano hupewa ukurasa mzima, hojaji huambatishwa mwishoni, nao uchunzaji hausikiki tena hadi kazi inapojalidiwa. Msomaji akifika katika sura za uchanganuzi hukutana na nyimbo na ngano zilizonukuliwa safi, kana kwamba ziliokotwa zikiwa zimechapwa tayari. Haelezwi ziliimbwa wapi, mbele ya nani, nani aliinuka na nani alinuna, wala mtafiti mwenyewe alikuwa ameketi upande gani.

Makala haya yanajadili mbinu hii inayotajwa sana na kutumiwa kidogo. Hoja yake ni kwamba mtafiti anayechunza uwasilishaji wa fasihi simulizi hawezi kujitoa katika kile anachokichunza. Akishaketi, amekuwa mmoja wa hadhira. Na hadhira, kama kila mwanafunzi wa somo hili afahamuvyo, ni sehemu ya utungo wenyewe. Kuwapo kwake kunabadilisha kinachotendeka, na badiliko hilo ni data inayopaswa kuandikwa, si aibu ya kufichwa.

Istilahi na Aina

Istilahi yenyewe haijatulia. Vitabu vingi vya Kenya hutumia uchunzaji. Wapo wanaopendelea utazamaji au ushuhudiaji, na wengine huandika uchunguzi tu. Hili la mwisho lina kasoro iliyo wazi. Uchunguzi ni kazi ya polisi, ni kazi ya maabara, na ni jina jingine la utafiti mzima. Ndiyo maana mwanafunzi hujikuta akiandika kwamba uchunguzi wake ulitumia mbinu ya uchunguzi. Utazamaji nao unayaelemea macho, ilhali mtafiti wa fasihi simulizi hupokea mengi kwa masikio, na hata kwa pua, maana udi unaofukizwa mahali pa harusi ni sehemu ya tukio sawa na zumari. Uchunzaji, kwa maana ya kufuatilia jambo kwa makini ili kulijua, ndio utakaotumiwa hapa.

Mgawanyo wa uchunzaji shirikishi na usio shirikishi, pamoja na ule wa wazi na wa siri, unafahamika na hauna haja ya kurefushwa. Linalosahaulika ni kwamba katika fasihi simulizi mpaka kati ya kushiriki na kutoshiriki ni mwembamba mno. Mtambaji akisema “Paukwa!”, kila aliyepo anatarajiwa kuitika “Pakawa!” Mtafiti anayenyamaza akiwa ameinamia daftari lake hadhani kwamba amefanya lolote, anaamini kuwa ametekeleza uchunzaji usio shirikishi kama kitabu kilivyoelekeza. Kwa mtambaji, hata hivyo, huyo ni mtu aliyekataa kuitika. Hadithi inayofuata itasimuliwa kwa hadhira ambamo mmoja amekataa kuitika.

Madaftari Mawili ya Malinowski

Anayetajwa mara nyingi katika historia ya mbinu hii ni Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland, aliyeishi katika visiwa vya Trobriand, katika bahari ya Pasifiki, kwa vipindi viwili kati ya mwaka 1915 na 1918. Wasomi wengi waliomtangulia walitegemea taarifa za wamisionari na watawala, au waliwaita wenyeji wachache barazani na kuwahoji kwa mkalimani. Malinowski alipiga hema lake kijijini, akajifunza lugha, akawa anaamka asubuhi na kuwaona watu wakifanya shughuli zao kabla ya yeyote kuwauliza swali. Kitabu chake cha mwaka 1922, Argonauts of the Western Pacific, kilifanya ukaaji wa namna hiyo kuwa kigezo cha taaluma nzima.

Mara nyingi mhadhara huishia hapo, na hapo ndipo somo lenye faida kubwa zaidi linapoachwa. Malinowski alifariki mwaka 1942, na mwaka 1967 shajara yake ya siri ilichapishwa. Ndani yake wasomaji walikuta upweke, maradhi, hasira, na maneno ya dharau juu ya watu waleale aliowaeleza kwa utulivu katika vitabu vyake. Wengi walishtuka. Ubishi juu ya tabia yake ni halali. Lakini kwa upande wa mbinu, shajara hiyo yaonyesha jambo ambalo kila mtafiti hulipitia na wachache hulikiri: macho yanayochunza ni ya mtu aliyelala vibaya, mwenye njaa, mwenye chuki na mapenzi yake. Hisia hizo zisipopewa daftari lake huingia kimyakimya katika daftari la data. Mtafiti aliyechoshwa na ngoma ya usiku kucha huandika kwamba hadhira ilichoka.

Kutoka hapa inapatikana kanuni moja ya kazi ambayo haigharimu chochote: ukurasa wa daftari ugawanywe kwa mstari. Upande mmoja yaandikwe yaliyoonekana na kusikika, na upande wa pili yale aliyoyadhani au kuyahisi mtafiti. “Alikasirika” haliwezi kukaa upande wa kwanza. “Alisimama, akajitanda leso upya, akatoka bila kuaga” linaweza.

Yasiyokuwemo Katika Matini

Je, uchunzaji unaleta nini ambacho kinasa sauti na mahojiano haviwezi kuleta? Jibu halipatikani kwa urahisi kuliko katika kutuza.

Katika taarab ya pwani ya Kenya na Tanzania, wimbo ukiendelea, msikilizaji, aghalabu mwanamke, huinuka mahali pake akiwa ameshika noti, akaenda kwa mwendo wa madaha hadi kwa mwimbaji na kumtuza. Anayesoma maneno ya wimbo huo baadaye hukutana na shairi linalosema mambo ya jumla: wivu, hasidi, penzi, subira. Hakuna jina la mtu, na ni kawaida ya mtunzi kujihifadhi ndani ya mafumbo. Mchunzaji aliyekuwepo, kinyume chake, aliona kwamba mwanamke huyo hakuinuka wimbo ulipoanza. Alingoja. Aliinuka ulipofika mshororo fulani, hakupita njia ya mkato bali alizunguka hadi mbele ya kiti cha mwanamke mwingine, akainua noti juu hapo, kisha ndipo akaenda kwa mwimbaji. Aliona pia kwamba wanawake watatu waliokuwa wameketi pamoja na yule wa pili walitazamana. Maneno ya wimbo hayakubadilika hata herufi moja, lakini usiku ule yalipata mlengwa.

Kelly Askew, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti wake Tanga na kuchapisha kitabu chake Performing the Nation mwaka 2002, aliligusa jambo hili kwa kina, na aliweza kwa sababu hakuketi nyuma na daftari tu: alishiriki katika vikundi vya muziki vya mji huo kama mwanamuziki. Kutoka jukwaani hadhira inaonekana nyuso. Kutoka safu ya nyuma huonekana visogo.

Mahojiano yangesaidia wapi? Mwanamke aliyetuza akiulizwa kesho yake kwa nini aliinuka, anaweza kujibu kwamba aliupenda wimbo. Jibu hilo si uongo unaomzuia mtafiti kuupata ukweli. Ni sehemu ya sanaa yenyewe, kwa kuwa nguvu ya kutuza iko katika kukanika kwake. Anayetegemea mahojiano peke yake ataandika kwamba hadhira hutuza kwa kuupenda wimbo, na ataweka asilimia. Anayetegemea uchunzaji peke yake naye hayuko salama. Ameona mzunguko, noti na kiti, lakini hajui baina ya wale wawili kuna nini, na huenda ule mzunguko ulitokana na nyaya za vipaza sauti zilizotandazwa njiani. Uchunzaji huonyesha lililotendeka. Sababu yake hutafutwa kwa kurudi mara kadhaa, kwa kuwajua watu, na kwa kuuliza swali dogo kwa mtu anayefaa, wakati unaofaa. Maswali mazuri ya mahojiano huzaliwa na uchunzaji. Si busara kuyaandaa yote mezani kabla ya safari.

Mchunzaji Anayebadilisha Anachokichunza

Wanaisimu wamelijadili tatizo hili kwa uwazi kuliko wanafasihi. Mwaka 1962, William Labov aliingia katika maduka makubwa matatu ya New York yanayohudumia matabaka tofauti: Saks, Macy's na S. Klein. Alitaka kujua ni nani hutamka sauti /r/ baada ya irabu na nani huiacha. Hakubeba hojaji. Aliwauliza wauzaji mahali pa bidhaa ambayo alikwisha kujua kwamba iko ghorofa ya nne, kwa sababu jibu hilo kwa Kiingereza lina nafasi mbili za sauti aliyoitafuta. Alipojibiwa alijifanya hakusikia vyema, ili muuzaji arudie kwa makini zaidi. Kisha alijitenga, akaandika. Kwa njia hiyo alipata data za watu 264, na matokeo yalifuata ngazi za maduka: /r/ ilisikika zaidi Saks, ikapungua Macy's, ikawa nadra zaidi Klein. Baadaye Labov alilipa tatizo lililo nyuma ya hila hiyo maelezo yanayonukuliwa hadi leo: mtafiti anataka kujua watu huzungumza vipi wasipochunzwa, na hana njia ya kulijua hilo ila kuwachunza.

Mwanafunzi wa Sheng anayepanda matatu kutoka katikati ya Nairobi anakutana na mkinzano uleule. Akiketi karibu na mlango na kusikiliza tu, atayasikia mazungumzo ya makanga na dereva yalivyo. Akitoa daftari na kalamu, makanga ataanza kujiuliza kama huyu ni wa serikali, na lugha itabadilika kabla gari halijafika kituo cha pili. Hila ya Labov inavutia hapa, lakini haifai kubebwa jinsi ilivyo. Wauzaji wale walijibu swali ambalo hujibu mara nyingi kwa siku, na hakuna aliyetambulishwa. Mazungumzo ya watu wawili wasiojua kwamba wanasikilizwa ni kitu kingine, na suala la idhini litarejelewa hapa chini.

Katika fasihi simulizi mkinzano huu una sura yake. Fanani anayemwona mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kinasa sauti hurekebisha mambo mengi kwa pamoja. Huacha lahaja yake na kujikaza kusema Kiswahili cha redio. Huruka matusi na vichekesho vya chumbani. Huongeza funzo mwishoni, kwa sababu anajua kwamba watu wa shule hupenda mafunzo. Wapo wanafunzi wanaohitimisha, baada ya kukusanya ngano kumi za namna hiyo, kwamba ngano za jamii fulani zina adili bayana katika mwisho wake. Kilichothibitishwa ni kwamba fanani wa jamii hiyo humjua mgeni wao.

Kenneth Goldstein, mtaalamu wa fasihi simulizi wa Marekani, alipendekeza katika miaka ya 1960 njia ya kati. Mtafiti asipoweza kusubiri tukio la asili litokee, asimwite fanani ofisini. Amwombe mwenyeji aandae mkutano unaofanana na ile ya kawaida, wakati wake wa kawaida, na watu wake wa kawaida. Njia hiyo haiondoi athari ya mtafiti. Inaipunguza, na muhimu zaidi, inamlazimu aeleze katika tasnifu kwamba tukio liliandaliwa.

Ukurasa Mmoja wa Daftari

Ili jambo hili lisibaki hewani, na utazamwe mfano wa kubuni wa ukurasa wa daftari uliogawanywa kama ilivyoelezwa. Upande wa kwanza unasema hivi:

“Saa mbili na robo usiku, jikoni. Mtambaji ni nyanya wa miaka sabini hivi, ameketi juu ya kigoda akichambua maharagwe. Watoto saba, binti mmoja mtu mzima, na mtafiti aliye mkekani karibu na mlango. Simu ya kurekodia iko chini, mbele ya mtambaji. Zimwi linapobisha hodi, mtambaji anagonga sufuria kwa mwiko mara tatu. Mtoto mdogo kabisa anahamia mapajani mwa dada yake. Mtambaji anamtazama, ananyamaza kidogo. Zimwi halimli msichana. Linamfungia katika pipa. Watoto wawili wakubwa wanatazamana na kucheka. Mtambaji anaitazama simu, anasema kwa Kiswahili kwamba hayo ndiyo mambo ya zamani.”

Upande wa pili una mistari mitatu tu: “Yamkini amebadilisha mwisho kwa ajili ya mtoto. Wakubwa wanajua mwisho mwingine? Waulizwe kesho bila bibi kuwapo. Kauli ya mwisho ilikuwa yangu, si ya watoto: mpaka hapo hakuwa ametumia Kiswahili.”

Rekodi peke yake ingempa mtafiti ngano ambamo zimwi halili mtu. Kinasa sauti kingekuwa na mgongano wa sufuria bila sababu, unyamavu mfupi, na vicheko viwili visivyo na chanzo. Angeinakili, akaipanga pamoja na nyingine, na katika sura ya nne angeandika aya mbili juu ya huruma ya mazimwi katika jamii hiyo. Aya hizo zingesomwa na msimamizi, zikapita, zikanukuliwa na mwanafunzi wa mwaka unaofuata. Hivi ndivyo kosa la usiku mmoja linavyogeuka kuwa elimu. Mtoto aliyeogopa, ambaye kwa kweli ndiye mtunzi wa mwisho ule, asingekuwamo popote.

Kuandika kwenyewe kuna wakati wake. Mbele ya watu inatosha kuandika maneno machache ya kukumbushia. Maelezo kamili yaandikwe usiku uleule, kabla ya kulala na kabla ya kumsimulia yeyote, kwani kusimulia hulainisha tukio na kulipa mpangilio ambao halikuwa nao.

Mara Ngapi, na Wapi

Tukio moja ni tukio moja. Milman Parry, Mmarekani aliyewarekodi waimbaji wa tendi huko Yugoslavia kati ya mwaka 1933 na 1935, alichukua wimbo uleule kwa waimbaji tofauti, na pia kwa mwimbaji yuleyule nyakati tofauti. Ni katika kulinganisha huko ndipo ilipobainika, katika kazi iliyoendelezwa na mwanafunzi wake Albert Lord na kuchapishwa mwaka 1960, kwamba mwimbaji hakuwa amekariri matini bali alikuwa akitunga upya kila anapoimba. Anayehudhuria mara moja hana haki ya kuandika kwamba wimbo “huimbwa” hivi. Anaweza kuandika tu kwamba “uliimbwa” hivi. Tofauti ya viambishi hu- na li- ni ndogo kwa jicho, lakini katika sura ya data ni tofauti kati ya desturi na tukio.

Mahali nako kuna uzito wake. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, huchezwa harusini, matangani, kwenye jando na katika sherehe nyingine. Ngoma zake tatu huitwa baba, mama na mtoto. Ngoma iyo hiyo huonekana pia katika matamasha ya muziki, ambako kuna jukwaa, waamuzi, na muda uliopimwa. Utafiti wa Isukuti ya tamashani ni halali kabisa. Kosa ni kuichunza tamashani, ambako ni rahisi kuipata na ambako hakuna tope, kisha kuandika juu ya dhima yake matangani.

Upo upande mwingine wa suala hili. Ruth Finnegan aliishi miongoni mwa Walimba wa Sierra Leone mwanzoni mwa miaka ya 1960, na uchunzaji wake wa watambaji ulimfanya asisitize, mapema kuliko wengi, kwamba uwasilishaji ndio uhai wa fasihi simulizi. Msingi huo wa kitabu chake cha mwaka 1970, Oral Literature in Africa, bado umesimama. Lakini katika kitabu hichohicho alitilia shaka kuwapo kwa utendi simulizi kama utanzu wa kawaida Afrika kusini mwa Sahara, na akapingwa, hasa na Isidore Okpewho katika The Epic in Africa wa mwaka 1979. Ikumbukwe kwamba utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo ulikuwa umechapishwa mwaka 1969. Finnegan hakuwa mvivu wala mzembe. Kisa chake kinakumbusha kwamba uchunzaji unaweza kuthibitisha kilichopo mbele ya mchunzaji, ila hauwezi kirahisi hivyo kuthibitisha kisichopo. Mtafiti aliyekaa wiki mbili na kuandika kwamba vitendawili “vimekufa” katika kijiji fulani angeuliza kwanza kama alikuwepo usiku, na kama alikuwepo msimu ambao vitendawili hutegwa.

Kamera

Siku hizi kila mwanafunzi ana simu inayochukua picha za video, na wengi huamini kwamba simu imewapunguzia mzigo wa kuchunza. Simu ina faida zake: hairuki neno, na huweza kurudiwa mara mia. Tatizo ni kwamba huelekezwa kwa fanani. Katika mfano wa taarab hapo juu, picha zingemwonyesha mwimbaji, na mkono wenye noti ukiingia kutoka pembeni. Mzunguko wote, kile kiti, na wanawake watatu waliotazamana vingekuwa nyuma ya kamera. Anayerekodi huku akitazama kioo cha simu amejinyima hata kile ambacho angekiona kwa macho yake. Inafaa kurekodi kuachiwe mtu mwingine, au simu isimamishwe mahali pamoja, mtafiti abaki na kazi ya kuitazama hadhira.

Idhini

Mtafiti nchini Kenya anahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inagusa taarifa za watu binafsi anazozikusanya, na sheria ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii. Karatasi hizi ni lazima. Hata hivyo hazimpi mtu ruhusa ya kuingia katika matanga ya wenyewe. Mbolezi huimbwa na mtu mwenye msiba, na hakuna leseni ya Nairobi inayomfanya mfiwa awe amekubali kusikilizwa na mgeni. Idhini hiyo huombwa kwa wazee na kwa wenye kilio, kwa kupitia mtu wanayemheshimu, na huenda ikatolewa kwa sehemu: sikiliza, usirekodi, njoo siku ya tatu, si ya kwanza. Mtafiti anayechukua sauti kwa siri kwa hoja ya kulinda uasilia wa data amezipata data zake kwa bei ambayo watalipa watafiti wengine, pale mlango huo utakapofungwa.

Kuna milango ambayo haifunguki kabisa, na hilo nalo ni la kuandikwa. Vugo, ngoma ya wanawake katika harusi za Waswahili, ambapo pembe za nyati hugongwa kwa vijiti, ni mfano unaofaa. Mwanamume anayeandika tasnifu juu ya nyimbo za harusi za Mombasa au Lamu anaweza kuletewa maneno ya nyimbo hizo na dada yake, akayapanga vizuri, akanyamaza. Anaweza pia kushirikiana na mtafiti mwanamke, na kumtaja kama mchunzaji badala ya kumshukuru katika ukurasa wa tabaruku. Na kama hana wa kushirikiana naye, sura yake ya mbinu inaweza kusema wazi kwamba mtafiti aliketi barazani pamoja na wanaume, kwamba alisikia pembe na vigelegele kutoka uani kwa muda wa saa mbili, kwamba mara nne sauti za kucheka zilizidi za kuimba, na kwamba hakuona ni nini kilichochekwa.